Mganga Asome Bila Kuiacha Wodi

Ndugu msomaji, mara nyingi tunapozungumza juu ya afya tunamwambia mwananchi afanye nini: achemshe maji ya kunywa, alale ndani ya chandarua, ampeleke mtoto kliniki. Hayo ni mema na lazima yaendelee kusemwa. Lakini leo tumgeukie yule anayetupokea tukifika kliniki. Tumtazame daktari wa wilaya, tabibu wa kituo cha afya, na muuguzi mkunga wa zahanati. Je, huyu naye anasoma? Na kama anasoma, anasoma wapi, na nani anabaki na wagonjwa wake?

Usidhani kuwa swali hili ni la wakubwa wa wizara peke yao. Ni lako wewe. Siku mkeo au binti yako atakapotokwa na damu nyingi usiku wa manane baada ya kujifungua, uhai wake utategemea mambo mawili. La kwanza ni kama mganga yupo. La pili ni kama mganga huyo anajua yanayojulikana leo, wala si yale aliyofundishwa miaka 20 iliyopita tu.

Ujuzi wa tiba huzeeka

Wazee wetu walisema ujuzi hauzeeki. Kwa mfinyanzi na mhunzi huenda ni kweli. Kwa mganga si kweli.

Mchukue tabibu aliyemaliza chuo hapa Tanzania mwaka 2000. Alifundishwa kwamba dawa ya kwanza ya malaria ni klorokwini. Mwaka 2001 klorokwini iliachwa, kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea, ikaja SP. Mwaka 2006 ikaanza kutumika dawa mseto ya ALu. Alifundishwa pia kwamba mtoto mwenye malaria kali huwekewa kwinini. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likashauri achomwe sindano ya artesuneti, kwa kuwa ilionekana kuokoa watoto wengi zaidi.

Upande wa uzazi ni vivyo hivyo. Mwaka 2017 shirika hilo lilishauri mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua apewe dawa ya traneksamiki mapema, kabla ya kupita saa 3 tangu mtoto azaliwe. Kisha mwaka 2023 yakatangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Badala ya mkunga kukadiria damu kwa macho, mama aliwekewa chini yake plastiki yenye mfuko na alama za kupimia. Damu ilipofika kwenye alama ya hatari, alipewa tiba zote zinazohitajika kwa pamoja, bila kungoja moja ishindwe ndipo ijaribiwe nyingine. Matatizo makubwa ya kutokwa na damu yalipungua kwa asilimia 60.

Hebu fikiri. Kumwekea mama mfuko wenye alama na kumpa tiba kwa pamoja si mambo ya ndege wala mitambo mikubwa. Ni mambo ya kujua na kufanya. Asiyeyajua, hata awe na moyo mwema kiasi gani, ataendelea kukadiria kwa macho.

Akienda chuoni, nani atabaki?

Njia tuliyoizoea ya kumwendeleza mganga ni kumpeleka chuoni. Anafunga mizigo, anaagana na wanakijiji, anaondoka kwa miaka miwili, mitatu au zaidi. Kituo chenye waganga wawili kinabaki na mmoja. Huyo mmoja akiugua, au akiitwa kwenye semina, mlango unafungwa.

Tena anayeondoka ni yupi? Kwa kawaida ni yule mwenye bidii, mwenye kutaka kuendelea. Na baada ya kupata shahada ya juu mjini, wengine hawarudi tena kijijini. Hatuwalaumu, maana kila mtu hutafuta maisha. Lakini ni dhahiri kwamba mpango wa namna hii humwinua mtu mmoja na kukiacha kijiji pale pale kilipokuwa, au nyuma zaidi.

Upo upande mwingine wa jambo hilo. Muuguzi mwenye watoto wadogo, au mwenye mama mzee wa kumtunza, hawezi kuondoka miaka miwili. Huyo hubaki na elimu ile ile mpaka astaafu. Siyo kwamba hana akili. Chuo ndicho kiko mbali naye.

Chuo kinachomfuata mtu

Siku hizi kuna njia nyingine. Vyuo vikuu vinafundisha masomo ya uzamili, yaani yale ya baada ya shahada ya kwanza, kwa njia ya mtandao wa kompyuta. Mwanafunzi haondoki kazini. Jioni, au siku yake ya mapumziko, anafungua kompyuta au simu, anasoma somo, anatazama picha na filamu za mwili wa binadamu, anajibu maswali, anajadiliana na mwalimu na wenzake walio nchi nyingine. Asubuhi anarudi wodini.

Mfano mmoja ni Chuo Kikuu cha Edinburgh, huko Uskochi. Tangu mwaka 2007 chuo hicho, kwa kushirikiana na chama cha kitaaluma cha madaktari wa upasuaji cha mji huo, kimekuwa kikifundisha kwa mtandao shahada ya uzamili ya sayansi ya upasuaji. Ni masomo ya miaka mitatu ya muda wa ziada. Daktari anafundishwa elimu iliyo nyuma ya upasuaji: viungo vilivyo, ugonjwa unavyofanya kazi, namna ya kupima hatari, namna ya kumtunza mgonjwa kabla na baada ya kisu. Kushika kisu chenyewe anafundishwa pale anapofanya kazi, na wakubwa wake, juu ya wagonjwa halisi.

Mfano wa pili ni England. Mwaka 2017 ulitolewa huko mwongozo kuhusu wauguzi, wafamasia na wataalamu wengine wenye uzoefu wanaotaka kufanya kazi za tiba za ngazi ya juu, kama kumpima mgonjwa tangu mwanzo mpaka mwisho na kuamua tiba yake. Mwongozo huo unataka elimu ya kiwango cha uzamili. Lakini unataka pia mtu apimwe pale pale kazini. Unataja nguzo nne: kutibu, kuongoza, kufundisha wengine, na kufanya utafiti. Kwa hiyo mtu hawi bingwa kwa kufaulu mtihani wa karatasi tu.

Mfano wa tatu si wa shahada, lakini una fundisho kubwa kwetu wa vijijini. Katika jimbo la New Mexico, Marekani, watu wengi walikuwa na homa ya ini aina ya C. Wataalamu walikuwa mji wa Albuquerque, na wagonjwa wa mashambani walingoja miezi mingi na kusafiri mwendo mrefu ili wawaone. Mwaka 2003 daktari mmoja wa maradhi ya ini, Sanjeev Arora, alianza utaratibu mwingine. Hakuwaita wagonjwa mjini. Kila wiki alikutana kwa njia ya televisheni na simu na waganga wa mashambani na wa magereza. Kila mganga alieleza habari za mgonjwa wake, bila kutaja jina, na wote wakajadiliana tiba.

Mwaka 2011 matokeo yalichapishwa. Wagonjwa 407 walikuwa wamefuatwa. Waliotibiwa hospitali ya chuo kikuu, virusi viliondoka kwa asilimia 57.5. Waliotibiwa na waganga wa mashambani na magerezani, virusi viliondoka kwa asilimia 58.2. Maana yake ni kwamba mganga wa kijijini aliyesaidiwa vizuri alitibu sawa na bingwa wa mjini. Na mgonjwa hakulazimika kuuza mbuzi ili apate nauli.

Wasemao mkono haufundishwi kwa kioo

Wapo wanaopinga. Wanasema: utamfundishaje mtu kupasua, kuzalisha au kushona jeraha kupitia kioo cha simu? Wanasema kilimo hakijifunzwi kwa kutazama picha ya jembe. Watu hawa wasipuuzwe. Wana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni muhimu.

Ushahidi wake uko hapa hapa nchini, katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara. Mwaka 2010 wakunga wa pale walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga aliyezaliwa bila kupumua. Walitumia mwanasesere, wakajifunza kumkausha, kumsisimua na kumpulizia hewa kwa mfuko na kifuniko cha uso. Baada ya mafunzo walipopimwa kwa mwanasesere walifanya vizuri kuliko kabla. Lakini watafiti walipotazama yanayofanyika kwa watoto halisi katika chumba cha kuzalia, waliona kazi haijabadilika kama ilivyotarajiwa. Walikuwa wanajua, lakini mikono yao ilikuwa bado inafanya kama zamani.

Basi utaratibu ukabadilishwa. Badala ya siku moja kubwa, wakunga walianza kufanya mazoezi mafupi mara kwa mara, dakika chache tu, pale pale wodini, mwanasesere akiwa karibu na kitanda cha kuzalia. Wakati huo mambo yakabadilika. Kabla ya hapo, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 11 walikufa ndani ya saa 24 za mwanzo. Katika mwaka uliofuata walikufa 7. Kazi ya namna hiyo, pamoja na vifaa zaidi na viongozi wa mafunzo waliotoka miongoni mwa wakunga wenyewe, ilipelekwa baadaye katika hospitali na vituo 30 vya mikoa 5: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025 yalionyesha kuwa vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za mwanzo vilipungua tena.

Haydom inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba kujua ni jambo moja na kuweza ni jambo jingine. Lakini angalia vizuri, ndugu msomaji. Yale mafunzo ya siku moja ambayo hayakubadilisha kazi hayakuwa ya mtandao. Yalikuwa ya ana kwa ana. Kwa hiyo tatizo si umbali wa mwalimu. Tatizo ni somo lisilorudiwa kazini.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wapinzani. Wao wanasema masomo ya mbali hayafai kwa tiba. Mimi nasema yanafaa sana, lakini kwa mtu ambaye tayari ana mikono iliyozoea kazi, na ambaye kituo chake kinampa nafasi ya kuyafanya aliyoyasoma. Kijana ambaye hajawahi kumgusa mgonjwa hawezi kuwa mganga kwa simu. Lakini muuguzi mwenye miaka 12 wodini akisoma jana usiku juu ya dalili za mwanzo za sumu ya damu, leo asubuhi ana wagonjwa wa kuwatazama kwa macho mapya. Kwake wodi ni darasa. Anachokosa ni mwalimu, na mtandao unaweza kumletea.

Jambo hili tulishalifanya

Msomaji asidhani kuwa kusoma kwa mbali ni ugeni ulioletwa na kompyuta. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Karibu watu milioni 2 walijifunza afya kwa redio, kwa muda wa wiki 12. Mwalimu alikuwa mbali, lakini somo lilileta matunda. Kwa nini? Kwa sababu redio haikuachwa iseme peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake na kitabu chake. Watu walisikiliza, wakasoma, wakajadiliana, wakaamua la kufanya, kisha wakashika majembe. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa, vichaka vikafyekwa.

Mpango huo huo ndio unaotakiwa kwa mganga anayesoma kwa mtandao: sauti ya mwalimu wa mbali, mwenzake wa karibu wa kujadiliana naye, na kazi ya kufanya kesho yake. Kikikosekana kimoja, somo hubaki maneno.

Yanayotakiwa kufanywa

Kwanza, mwajiri atoe muda. Haifai mkunga akeshe zamu ya usiku, alime asubuhi, kisha aambiwe asome jioni. Halmashauri na hospitali zipange saa chache kila wiki ziwe za kusoma, kama zinavyopanga zamu za kazi. Muda huo si zawadi, ni sehemu ya tiba.

Pili, kila anayesoma awe na msimamizi wa mkono. Huyu ni daktari au mkunga mwenye ujuzi zaidi, wa hospitali ya wilaya au ya mkoa, ambaye atamtazama akifanya kazi na kusema: hapa umeweza, hapa bado. Chuo cha ng'ambo kinaweza kusahihisha insha. Hakiwezi kuona kama kifuniko cha hewa kimekaa sawasawa usoni pa mtoto.

Tatu, vifaa viwepo. Kumfundisha mtu tiba ambayo kituo chake hakina dawa wala chombo chake ni kumwongezea uchungu tu. Kabla ya kumlipia mtu masomo, tuulize: akihitimu, atafanyia nini elimu hiyo?

Nne, ngazi isianzie juu tu. Masomo ya uzamili ni ya wenye shahada. Matabibu na wauguzi wengi wa vijijini wana cheti au stashahada. Hao nao wafunguliwe mlango unaowafaa. Kenya walifanya hivyo mwaka 2005, pale shirika la AMREF na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo walipoanza kuwafundisha kwa kompyuta wauguzi wa cheti ili wafikie stashahada wakiwa kazini, pamoja na mazoezi hospitalini. Lengo lilikuwa kuwafikia wauguzi zaidi ya 20,000. Hayo hayangewezekana kwa kuwaita wote chuoni.

Tano, anayesoma awe macho. Mtandao una vyuo vya kweli, na una wauza vyeti. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mganga aulize Tume ya Vyuo Vikuu na baraza la taaluma yake kama cheti hicho kitatambuliwa. Aulize pia kama chuo kinataka uthibitisho wa kazi za mikono. Chuo kinachoahidi kumfanya mtu bingwa wa tiba bila kumtaka amguse mgonjwa, kikimbiwe.

Sisi wananchi tufanye nini?

Tunayo kazi. Kamati ya kituo cha afya ni yetu, na wajumbe wake ni majirani zetu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 vituo vimekuwa vikipokea fedha moja kwa moja katika akaunti zao, na kamati husimamia mipango ya matumizi. Basi katika kikao kijacho mjumbe asimame aulize: waganga wetu wanajifunza nini mwaka huu? Je, mtandao unapatikana hapa kituoni? Umeme upo? Yupo anayewatembelea na kuwatazama wakifanya kazi? Maswali hayo yana thamani sawa na swali la bati na saruji.

Pia tujifunze subira yenye akili. Ukimwona tabibu anafungua kitabu au simu kabla ya kukuandikia dawa, usiseme hajui kazi. Mganga wa kuogopa ni yule asiyeuliza kamwe. Lakini nawe una haki zako. Akitaka kupeleka habari za ugonjwa wako kwa mwalimu wake wa mbali, jina lako lisitajwe. Akitaka kupiga picha ya jeraha lako, lazima akuombe kwanza, na unaweza kukataa bila kunyimwa tiba.

Na wewe mganga unayesoma safu hii, usingoje mpaka chuo kije na karatasi ya mwaliko. Anza na mwenzako mmoja. Kila wiki mchukue ugonjwa mmoja mliokutana nao, msome mwongozo wa tiba unaosemwa leo, mfanye zoezi la dakika kumi. Siku mlango wa masomo ya juu utakapofunguka, utakuta umeshaanza safari.

Ndugu msomaji, tumezoea kupima maendeleo ya afya kwa kuhesabu majengo. Majengo ni mema. Lakini usiku ule wa manane, ukuta hauwezi kuzuia damu. Atakayeizuia ni mtu mwenye mikono iliyozoea na elimu isiyochakaa. Tumsaidie asome, na tumsaidie asome akiwa hapa hapa kwetu.